Tabia za Watu na Mpangilio wa Chuo: Hotuba kwa Wanachuo wa Tanga

Mheshimiwa Mkuu wa Chuo, wajumbe wa Baraza la Chuo, wahadhiri wenzangu, watumishi wa ofisini, wa jikoni, wa usafi na wa ulinzi, viongozi wa serikali ya wanafunzi, na ninyi vijana wetu mlioanza mwaka wa kwanza wiki hii: Asalaam aleikum, Tumsifu Yesu Kristo, Bwana Yesu asifiwe. Watumishi wa jikoni, wa usafi na wa ulinzi nimewataja kwa makusudi, kwa kuwa mengi nitakayoyasema leo yamo mikononi mwao kuliko yalivyo mikononi mwetu sisi tunaopewa vipaza sauti.

Nimeombwa nizungumze juu ya tabia za mtu mmoja mmoja, na juu ya mabadiliko ambayo chuo kinaweza kuyafanya, ili matumizi yetu ya maji, umeme, nishati ya kupikia na ardhi yasiwaachie hasara watakaotufuata. Hotuba za namna hii zimekwishazoeleka. Msemaji huwaambia vijana wazime taa, wafunge mabomba, wasitupe takataka ovyo na wapande miti. Vijana hupiga makofi. Kisha kila mmoja hurudi kwenye bweni ambalo swichi ya taa za korido imefungiwa katika chumba cha mlinzi, bomba la bafuni halijafungika tangu muhula uliopita, na pipa la taka liko nyuma ya jengo la utawala. Maonyo hayo yote ni ya kweli, ila tumezoea kumpa mwanafunzi lawama ya mambo ambayo hatukumpa nafasi ya kuyatenda.

Mji huu una msemo wake unaojulikana nchi nzima: Tanga, waja leo waondoka leo. Sioni msemo unaokifaa chuo zaidi ya huo. Kijana huja, husoma miaka miwili au mitatu, huchukua cheti chake na kuondoka, na tabia njema aliyoijenga huondoka naye. Mwaka unaofuata kampeni huanza upya na wageni wapya, kwa mabango yaleyale na fulana zilezile. Kinachobaki hapa ni paa, bomba, jiko, dirisha na geti. Kwa hiyo jambo langu la leo ni moja: tuyapange majengo na huduma za chuo kwa namna ambayo tabia njema iwe ndiyo njia rahisi, hata kwa kijana aliyefika jana usiku akiwa na begi lake na hajasikia hotuba yoyote.

Wazo la kwamba mahali pa kusomea pawe pia pa kujifunzia namna ya kuishi halikutoka ng'ambo. Machi 1967 Mwalimu Julius Nyerere alitoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea, akataka kila shule iwe jumuiya inayojilisha walau kwa sehemu, yenye shamba au karakana yake, ili kijana asome huku akijua chakula anachokula kimetoka wapi na kimegharimu jasho la nani. Wengi wetu hapa tulisoma katika shule za namna hiyo. Lakini katika shule nyingi shamba lile liligeuka adhabu: aliyechelewa alipewa jembe, aliyepiga kelele darasani alipewa fyekeo. Desturi hiyo ingalipo, na naomba walimu mnivumilie nikisema kwamba naiona kuwa chanzo kimojawapo cha uchafu wa taasisi zetu. Kijana aliyefundishwa kwa miaka kumi na moja, tangu darasa la kwanza hadi kidato cha nne, kwamba fagio ni la mkosaji, akifika chuoni hataokota karatasi kwa hiari yake, kwa sababu machoni pa wenzake kuokota ni kukiri kosa ambalo hakulitenda. Ningependa kanuni zetu za nidhamu ziondoe kabisa usafi, upandaji miti na kazi za bustani katika orodha ya adhabu. Marekebisho hayo hayahitaji bajeti, yanahitaji saini.

Sasa nije kwenye maji, ambayo katika mji huu yana historia yake. Maji ya Jiji la Tanga hutoka katika Mto Zigi, unaoteremka kutoka milima ya Usambara Mashariki, nayo hukusanywa katika bwawa la Mabayani kabla ya kusafishwa na kuletwa mjini. Kule juu wako wakulima wa iliki, mdalasini na pilipili manga, ambao namna wanavyolima kwenye miteremko huamua mto utatushukia ukiwa safi au ukiwa tope. Mwaka 2024 Mamlaka ya Majisafi na Usafi wa Mazingira Tanga iliuza hatifungani ya kijani ya shilingi bilioni 53.12 ili ipate fedha za kupanua na kuboresha huduma hiyo. Maana yake ni kwamba watu na taasisi walitoa akiba zao wakaukopesha mji kwa ajili ya maji. Chuo kinachoacha maji hayo yamwagike bafuni usiku kucha kinamwaga deni la watu.

Tufanye hesabu ndogo. Bomba linalovuja kiasi cha kujaza ndoo ya lita 20 kwa saa tatu humwaga lita 160 kwa siku, na kwa mwezi wa siku 30 humwaga lita 4,800. Ugonjwa wa bomba la namna hiyo mara nyingi ni kipande cha mpira kilicholika, ambacho hupatikana katika duka lolote la vifaa vya ujenzi. Kinachochelewesha matengenezo ni safari ya taarifa: mwanafunzi humwambia kiongozi wa bweni, kiongozi humwambia mlezi, mlezi huandika barua, barua husubiri fedha, na wakati huo wote bango la "Funga bomba baada ya kutumia" limebandikwa juu ya bomba lisilofungika. Napendekeza daftari moja la matengenezo liwekwe kwa mlinzi wa kila bweni, mwanafunzi yeyote aandike humo hitilafu na tarehe, fundi aandike tarehe aliyotengeneza, na fundi huyo apewe akiba ya vipuri vidogo ambavyo havihitaji barua. Mkuu wa utawala akilifungua daftari hilo kila mwisho wa mwezi ataona mwenyewe pale kazi inapolala.

Kuna pia maji ambayo hayahitaji mto wala bomba. Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita moja ya mraba ya paa hutoa lita moja. Pwani yetu hupata zaidi ya milimita 1,000 kwa mwaka, nyingi zikija wakati wa masika kuanzia Machi hadi Mei, na nyingine wakati wa vuli. Bweni lenye paa la mita za mraba 400, hata tukihesabu milimita 1,000 tu na kukubali sehemu ya tano ipotee njiani, lingeweza kukinga lita 320,000 kwa mwaka. Leo maji hayo huanguka chini kwa kishindo, huchimba msingi wa jengo na kujaza uwanja matope. Tunahitaji mifereji ya paa inayosafishwa kabla ya masika, matangi, na desturi ya kuyaacha maji ya mvua za mwanzo yapite, kwa kuwa hayo ndiyo yanayoosha vumbi na vinyesi vya ndege. Kwa vyoo, kufulia na bustani, maji hayo yanatosha bila matayarisho makubwa.

Maji ya kunywa ni habari nyingine, na ndiyo inayotupeleka kwenye plastiki. Tarehe 1 Juni 2019 matumizi ya mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa yalipigwa marufuku Tanzania Bara. Ninyi wa mwaka wa kwanza mlikuwa bado watoto. Pengine hamkumbuki vizuri jinsi rambo na malboro zilivyokuwa zikining'inia kwenye ua za michongoma na kuziba mitaro mvua ikinyesha. Miaka mingi ya semina na mabango haikuzipunguza. Zilitoweka mikononi mwa watu kwa muda mfupi pale amri ilipotoka ikiwa na tarehe yake, na mfuko mwingine ukawa tayari upo sokoni. Mama aliyekwenda kununua samaki asubuhi ile hakuhitaji kubadilika moyo, alihitaji kitu cha kubebea samaki wake.

Chupa za maji hazikuguswa na amri ile, nazo ndizo zinazojaa katika viwanja vya vyuo. Mwanafunzi hazinunui kwa kuipenda plastiki. Hununua kwa sababu haamini maji ya bomba, na hana mahali pa kuyachemshia kwa kuwa sheria za bweni zinakataza majiko vyumbani, jambo ambalo ni sahihi kwa usalama. Kumwambia aache chupa huku hatujampa maji ni kumwambia akae na kiu. Ziwekwe sehemu za kuchota maji yaliyochujwa, moja karibu na madarasa na moja katika kila bweni, yapimwe kwa utaratibu unaojulikana, na matokeo ya vipimo yabandikwe ukutani yakiwa na tarehe. Akiwa na chupa yake moja ya kujazia, kijana ataokoa pia fedha, na sijakutana na mwanafunzi asiyejua thamani ya mia tano inayobaki mfukoni. Ukanda huu wa bahari una Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, iliyoanzishwa mwaka 2009 kwa ajili ya samaki ambaye wataalamu walidhani alikwishatoweka pamoja na madinosaria, mpaka alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Mitaro ya mji wetu haina pengine pa kumwagia ila kwenye mikoko na bahari hiyo.

Katika suala la umeme nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo ninapoona tumejikosesha sisi wenyewe. Sehemu ya umeme wa gridi huzalishwa mkoani mwetu, katika vituo vya Hale, chenye megawati 21, na New Pangani Falls, chenye megawati 68, vyote viwili vikiendeshwa na Mto Pangani ambao vyanzo vyake viko Kilimanjaro na Meru. Maji yanayozungusha mitambo hiyo ndiyo yanayogombewa na wamwagiliaji, wafugaji na miji yote iliyo njiani. Kwa hiyo kuacha taa inawaka kuna uhusiano wa kweli na mto unaokatiza mashamba ya mkonge, ingawa uhusiano huo hauonekani kwenye swichi.

Taa ni sehemu rahisi. Balbu ya zamani ya wati 60 na ya LED ya wati 9 hutoa mwanga unaokaribiana. Korido zenye balbu 100 zikiwaka saa 12 kila usiku hula uniti 72 kwa balbu za zamani na chini ya uniti 11 kwa LED. Tukibadilisha balbu na kuweka swichi mahali pa wazi, hotuba ya kuzima taa inabaki na kazi ndogo. Hita za kuchemshia maji ya kuoga ni tatizo gumu zaidi, kwa sababu hutumiwa kwa siri na nyaya zake huungua, na hapo ningependa tuzungumze na wanafunzi badala ya kuwavizia. Mji wenye jua kama hili unaweza kupasha maji ya kuoga juu ya paa.

Joto la madarasa ndilo linalokula umeme kuliko yote. Viyoyozi vinazidi kuongezeka mwaka hadi mwaka, na kimoja cha kawaida kinachovuta wati 1,200 hutumia umeme wa feni 17 za wati 70. Tujiulize basi, kwa nini vyumba vyetu ni vya moto kiasi hiki katika mji wenye upepo? Tazameni majengo ya zamani ya Tanga, yale ya enzi za Wajerumani na Waingereza, na nyumba za kale za mwambao. Kuta zake ni nene, dari ziko juu, baraza pana huzunguka jengo ili jua lisiguse ukuta, juu ya milango kuna matundu ya kutolea hewa moto, na madirisha ya mbao hufunguka yote. Waliojenga walijua kwamba kusi huvuma kuanzia karibu Aprili hadi Septemba na kaskazi hufuata kuanzia karibu Novemba hadi Machi, wakaziweka nyumba zao mahali pa kupokea pepo hizo mbili. Sisi tumekuja na madirisha ya aluminiamu ya kusukuma, ambayo kwa umbile lake hufunguka nusu tu, nusu nyingine ikibaki kioo kinachoingiza jua, tumefupisha dari, tumeondoa baraza ili tupate chumba kimoja zaidi, kisha tumenunua kiyoyozi cha kuondoa joto tulilolijenga.

Mheshimiwa Mkuu wa Chuo, majengo yaliyopo hatuwezi kuyabomoa, lakini yanaweza kusaidiwa. Ukuta wa magharibi unaweza kupandiwa miti ya kivuli au kuwekewa kipenu. Paa la bati linaweza kupakwa rangi nyeupe na kuwekewa dari. Madirisha yanapoharibika yanaweza kurudishiwa yale yanayofunguka yote. Na jengo lolote jipya, kabla ramani haijapitishwa, msanifu aulizwe swali moja mbele ya kamati: saa nane mchana wa Februari, umeme ukikatika, watu 80 wataweza kusomea ndani ya chumba hiki? Pande ndefu za jengo zielekee kaskazini na kusini, ili jua la asubuhi na la jioni lipige pande fupi. Ujuzi huu mababu zetu walikuwa nao bila shahada.

Jiko la chuo nalo lina mengi. Mwaka 2023 serikali iliziagiza taasisi zinazopikia watu wengi kila siku, kuanzia zile za watu zaidi ya 100, ziachane na kuni na mkaa, na mwaka 2024 ukazinduliwa Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia unaokusudia asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Sababu za msitu tunazijua: katika matanuri ya kienyeji, kilo moja ya mkaa huhitaji kilo sita hadi kumi za kuni. Sababu ya mapafu tunaisahau. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba moshi na hewa chafu ya majumbani, ambayo chanzo chake kikubwa ni kupikia kwa nishati chafu, ulihusika na vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Mama zetu wanaotupikia maharage hapa huivuta hewa hiyo tangu alfajiri, na sisi huingia bwaloni moshi ukiwa umekwisha.

Kuhamia gesi kuna gharama yake, na hapo tabia na mpangilio hukutana. Maharage yaliyolowekwa usiku kucha huiva kwa muda mfupi zaidi. Sufuria yenye mfuniko unaokaa sawasawa huchemka mapema. Idadi ya wala chakula ikijulikana jana yake, chakula hakipikwi cha kumwagwa. Wapishi wetu wanayajua yote haya kuliko mimi. Wasichonacho ni mifuniko inayofaa na orodha ya waliojiandikisha kula. Na mabaki yenyewe ni nishati. Katika zao letu la mkonge, takribani kilo nne tu katika kila kilo mia za majani hutoka kuwa singa, na kilichobaki kwa miaka mingi kilikuwa kikimwagwa. Kisha pale Hale ukajengwa mtambo wa kugeuza mabaki hayo kuwa gesi na umeme. Chuo chenye bwalo, vyoo na maganda ya machungwa ya Muheza kwa wingi huu kina malighafi ya mtambo mdogo wa gesi ya samadi, nao ungekuwa pia darasa la vitendo kwa wanafunzi wetu wa ufundi.

Sasa nifike getini. Tanga ni mji wa baiskeli; wageni huliona hilo kabla hawajashuka kwenye basi. Ardhi ni tambarare, mitaa ya Ngamiani imenyooka na kupewa namba kuanzia Barabara ya Kwanza hadi ya Ishirini na Moja, na mtu wa makamo huendesha baiskeli kwenda kazini, sokoni na msikitini bila kuonekana fukara. Wanawake huendesha, watoto huendesha, mwalimu mkuu mstaafu huendesha. Lakini nikisimama getini kwa chuo saa mbili asubuhi naona bodaboda na bajaji zikishusha vijana ambao wengine wanakaa umbali wa dakika kumi kwa baiskeli. Mji umetupa desturi ambayo miji mikubwa ya Ulaya inatumia fedha nyingi kuirudisha, nasi tunaiacha nje ya geti.

Sababu zake si za ajabu. Magari ya wahadhiri yana banda lenye bati; baiskeli hufungwa kwenye mwarobaini, juani, ambako tairi hupasuka na kufuli hukatwa. Mlinzi hakupewa maelekezo juu ya baiskeli, hivyo huzitazama kama mzigo. Binti anayevaa buibui au sketi ndefu huhitaji baiskeli isiyo na mtalimbo wa juu, na mahali pa kujitengeneza kabla ya kuingia darasani. Iko pia aibu, na hii ni sharti tuiseme: kijana huona kwamba msomi hapandi baiskeli, kwa sababu hajamwona msomi aliyepanda. Wahadhiri tunaokaa Chumbageni na Raskazone hatuna udhuru mkubwa. Banda la baiskeli lijengwe kando ya kibanda cha mlinzi, mbele ya macho yake, liwe na kivuli, pampu na spana, na fundi baiskeli wa mtaani apewe ruhusa ya kuja siku moja kwa wiki. Gharama ya banda hilo ni ndogo kuliko ya maegesho ya magari mawili. Mimi mwenyewe nitaleta baiskeli yangu, ingawa mke wangu anadai breki zake hazimpi amani.

Kuhusu takataka nitasema kwa ufupi, kwa kuwa jibu lake ni fupi. Zaidi ya nusu ya taka za miji yetu ni mabaki ya chakula na mimea, ambayo yakitengwa hugeuka mboji na yakichanganywa hugeuka uvundo. Mapipa mawili yaliyo karibu, na wale vijana wanaookota chupa wakipewa siku na njia ya kuingia chuoni badala ya kufukuzwa getini, yatafanya kazi kubwa kuliko kongamano. Juu ya karatasi niseme hivi: idara zinazodai nakala nne za ripoti zilizochapishwa upande mmoja zianze kudai moja, iliyochapishwa pande mbili, na nyingine ziwe za kielektroniki.

Miti nimeiacha nyuma kwa makusudi, kwa sababu ndiyo hukimbiliwa kwanza. Kila tarehe 5 Juni, Siku ya Mazingira Duniani, taasisi nyingi hupanda miche mbele ya kamera. Mwezi Juni kwetu masika yanakwisha. Mche huo unaachwa ukabiliane na miezi mikavu, na Desemba hubaki kijiti na kibao chenye jina la mgeni rasmi. Tupande mwishoni mwa Machi au Aprili, na tarehe 5 Juni iwe siku ya kuhesabu miche iliyo hai, kila mche ukiwa na bweni linalouwajibikia. Tuchague pia kwa akili. Mkoa wetu una Amani, ambako Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti mwaka 1902 na kuleta mimea kutoka pande nyingi za dunia. Baadhi ya miti iliyopandwa huko, kama ule uitwao kitaalamu Maesopsis eminii, ilisambaa yenyewe ndani ya msitu wa asili na kuchukua nafasi ya miti iliyokuwapo. Chuoni panatutosha mkwaju, mwembe, mkungu na mwarobaini, yenye kivuli ambacho watu watakaa chini yake.

Najua swali ambalo baadhi yenu mnalo, kwa sababu mmeniuliza kwenye ngazi za maktaba. Bara zima la Afrika hutoa takribani asilimia 4 tu ya hewa ya ukaa inayotokana na nishati na viwanda duniani, na hapo Chongoleani, ng'ambo ya ghuba yetu, ndipo linapoishia bomba la mafuta ghafi lenye urefu wa kilometa 1,443 kutoka Hoima, Uganda. Balbu ya bweni letu itaokoa nini mbele ya hayo? Sitawadanganya kwamba itaipoza dunia. Nchi zilizoichafua anga zina deni lake, na baadhi yenu mtapata ajira katika bomba hilo, jambo ambalo sitawalaumu nalo. Sababu za kufanya niliyoyasema ziko karibu zaidi: bili ya umeme ya chuo hulipwa kwa ada za wazazi wenu, moshi wa jikoni huingia kifuani kwa mama tunayemsalimia kila mchana, na Mto Zigi ndio huohuo tutakaochota mwakani. Ambaye ataona sababu kubwa zaidi ya hizo, na aiongeze.

Kwa uongozi wa chuo ninaomba mambo machache yaanze muhula huu bila kusubiri mwaka wa fedha. Daftari za matengenezo zigawiwe kwa walinzi. Mifereji ya paa la bweni la wasichana, ambalo ndilo lenye shida kubwa ya maji, isafishwe na kuunganishwa na matangi mawili yaliyokaa tupu nyuma ya karakana. Mita ya maji na ya umeme ya kila jengo isomwe kila Jumatatu asubuhi, na namba zake zibandikwe kwenye ubao wa bwaloni, mahali ambapo kila mtu hupanga foleni na hana la kusoma. Serikali ya wanafunzi iteue wawili kutoka kila bweni wa kusoma mita hizo pamoja na fundi. Na kwa kuwa wa mwaka wa tatu watatuondokea Julai, mmoja kati ya hao wawili awe wa mwaka wa kwanza, ili akabidhiwe kazi na mwenzake kabla hajaondoka. Majina yanaweza kupelekwa kwa mlezi wa wanafunzi kabla ya Ijumaa.

Mheshimiwa Mkuu wa Chuo, naomba kuwasilisha.